Kuoana Binamu: Nasaba, Vinasaba na Amana ya Kizazi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, darsa ya toleo hili inahusu jambo linalozua mabishano kila linapotajwa mabwenini: je, inafaa mtu aoe au aolewe na binamu yake? Chuo chetu kinakusanya watu wa asili nyingi. Mwanafunzi aliyetoka Lamu au Mogadishu amekulia katika ukoo ambao kumwoza binti kwa mtoto wa ami yake ni heshima. Mwanafunzi wa Masaka amefunzwa tangu utotoni kwamba huyo ni dada yake, na hata kumtaja kwa ndoa ni aibu. Wote wawili ni Waislamu na wanasimama safu moja msikitini. Kisha yupo wa tatu, anayesoma udaktari au baiolojia, ambaye husema mjadala umekwisha kwa sababu sayansi imethibitisha kuwa ndoa hizo huzaa watoto wagonjwa.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Tukiviunganisha vipande hivyo tutaona kwamba swali la "ni binamu au si binamu?" halitoshi, na kwamba lipo swali jingine ambalo kijana wa Kiislamu hapa Uganda anapaswa kuliuliza kabla ya posa, hata kama mchumba wake ametoka kabila jingine kabisa.

1. Hukumu ya asili

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 22 hadi ya 24, Allah (S.W.) ametaja wanawake ambao mwanamume haruhusiwi kuwaoa: mke wa baba, mama, binti, dada, shangazi, dada wa mama, binti wa kaka, binti wa dada, mama na dada wa kunyonya, na wengineo walio maharimu kwa njia ya ndoa. Binamu hayumo katika orodha hiyo, na aya ya 24 inabainisha kuwa walio nje ya waliotajwa ni halali. Suratul-Ahzaab aya ya 50 inakwenda mbali zaidi: inawataja waziwazi mabinti wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa dada wa mama miongoni mwa aliohalalishiwa Mtume (S.A.W.).

Sira inathibitisha hivyo. Mtume (S.A.W.) alimwoa Zaynab bint Jahsh, ambaye mama yake, Umayma, alikuwa shangazi yake Mtume. Binti yake Zaynab aliolewa na Abul-As bin Rabi', mtoto wa Hala, dada yake Bibi Khadija. Lakini sira hiyo hiyo inatuonyesha kuwa wengi wa wake zake walitoka koo nyingine: Bibi Aisha wa Bani Taym, Bibi Hafsa wa Bani Adiy, Bibi Juwayriya wa Bani Mustaliq, Bibi Safiyya wa Bani Nadhir. Kwa hiyo anayeoa binamu hajafanya kosa, na anayeoa mbali hajaacha sunna. Jambo hili ni mubaha, na mubaha haugeuki kuwa wajibu kwa sababu wazee wameuzoea, wala hauwi haramu kwa sababu majirani hawaupendi.

Yapo mambo mawili ambayo familia zinazooana binamu husahau mara kwa mara. La kwanza ni kunyonya. Katika nyumba ambamo mama na dada zake wanalea pamoja, ni kawaida mmoja kumnyonyesha mtoto wa mwenzake aliyetoka sokoni akachelewa. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi katika Afrika Mashariki, mtoto akinyonya mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mtoto wa mnyonyeshaji, na watoto wote wa mama huyo huwa ndugu zake. Hapo binamu amekwisha kuwa dada, na ndoa ni haramu. Waulizeni bibi na mama zenu mapema, maana jambo hili likigundulika baada ya watoto watatu ni msiba.

La pili ni ridhaa ya wahusika. Imepokewa katika Sunan za An-Nasaai na Ibn Majah kisa cha msichana aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kulalamika kwamba baba yake amemwoza kwa mtoto wa ndugu yake ili apandishe hadhi yake kupitia kwake. Mtume (S.A.W.) alimpa binti huyo hiari ya kukubali au kukataa. Naye akasema ameikubali ndoa, ila alitaka wanawake wajue kwamba mababa hawana mamlaka hayo. Zingatieni: mume aliyelalamikiwa alikuwa binamu. Wazee wanaosema "huyu ni wa ami yako, huna ruhusa ya kumkataa" wamejipa haki ambayo Mtume (S.A.W.) hakumwachia baba yule.

2. Wanazuoni walisema nini kabla ya maabara

Wengi hudhani kwamba tahadhari juu ya ndoa za karibu imeletwa na madaktari wa Ulaya. Sivyo. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 H., aliandika katika Ihyaa kwamba miongoni mwa sifa za kuzingatia kwa mke ni asiwe jamaa wa karibu. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali alieleza katika Al-Mughni kuwa ni bora kuchagua mwanamke asiye wa ukoo, kwa matarajio ya mtoto mwenye nguvu na akili, na pia kwa sababu ndoa ya jamaa ikivunjika huvunja na udugu. Imamu An-Nawawi naye katika Minhaj amehesabu kutokuwa jamaa wa karibu miongoni mwa yanayopendekezwa.

Hata hivyo, amana ya elimu inatutaka tuseme na upande wa pili. Maneno yanayosambazwa kama hadithi, kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuoa jamaa wa karibu kwa kuwa mtoto huzaliwa dhaifu, hayakuthibiti kutoka kwake. Ibn As-Salah, bingwa wa elimu ya hadithi, alisema hakuyapatia asili ya kutegemewa. Kwa hiyo pendekezo la wanazuoni lilitokana na uzoefu na maslahi, na aliye na dalili hiyo hawezi kuigeuza kuwa katazo. Tusimsingizie Mtume (S.A.W.) neno kwa sababu tu linaelekea kuafikiana na tunachosoma katika baiolojia.

3. Vinasaba vinavyofanya kazi

Kiswahili kimetupa neno zuri: vinasaba, lililotoka katika nasaba. Kila mtu ana nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Yapo maradhi ambayo hayajitokezi mpaka nakala zote mbili ziwe na hitilafu. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima haumwi. Huyu huitwa mbebaji. Anaweza kuishi miaka 80 bila kujua alichobeba.

Sasa tuchukue babu mmoja aliyebeba hitilafu adimu. Kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, na kila mjukuu nafasi moja kati ya nne. Wajukuu wawili walio binamu wakioana, uwezekano wa wote wawili kuwa wabebaji kwa kupitia babu huyo ni moja kati ya 16. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Jumla ni mtoto mmoja kati ya 64. Linganisha na watu wawili wasio na udugu, katika jamii ambayo mbebaji wa hitilafu hiyo ni mmoja kati ya 100: hesabu inakuja mtoto mmoja kati ya 40,000. Hii ndiyo sababu maradhi adimu hujitokeza zaidi kwa watoto wa binamu. Na ndoa hizo zikirudiwa kizazi baada ya kizazi katika ukoo mmoja, hatari hukua, kwa kuwa binamu hao wanakuwa wa karibu zaidi kuliko jina linavyoonyesha.

Kwa ujumla je? Mjini Bradford, Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet uliwafuatilia watoto zaidi ya 11,000. Miongoni mwa watoto wa asili ya Pakistani, asilimia 37 wazazi wao walikuwa binamu wa kwanza. Uwezekano wa kuzaliwa na kasoro ulionekana kupanda kutoka takriban asilimia 3 hadi takriban asilimia 6 wazazi wakiwa binamu wa kwanza.

Isomeni takwimu hii kwa macho mawili. Jicho moja linaona kuwa hatari imeongezeka maradufu, na hilo si jambo dogo kwa mzazi aliyezika mtoto. Jicho la pili linaona kuwa watoto 94 kati ya 100 hawakuwa na kasoro hizo. Anayesema ndoa za binamu hazina madhara yoyote anakosea, na anayesema kila mtoto wa binamu huzaliwa mgonjwa amekosea zaidi.

4. Mgeni naye hubeba

Hapa ndipo mwenzetu wa baiolojia anapopaswa kusikiliza tena. Hesabu ya juu ilihusu maradhi adimu. Uganda tunao ugonjwa wa kurithi usio adimu hata kidogo: selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 na 2015, uliopima damu za watoto wachanga zaidi ya 97,000, ulikuta asilimia 13.3 ni wabebaji, yaani AS, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, SS. Kusini-magharibi kiwango kilikuwa cha chini. Kaskazini na mashariki kilikuwa juu zaidi.

Sababu yake inajulikana. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi kwa karne nyingi, wabebaji walinusurika utotoni wakazaa, na kinasaba kikaenea. Ni urithi wa eneo zima. Haukuanzia katika ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa wastani huo wa asilimia 13.3, chukua wachumba wowote wawili wasiojuana kabla: takriban jozi moja kati ya 57 wote wawili ni AS. Kama wewe ni AS na unaoa mgeni, nafasi ya yeye kuwa AS ni kama asilimia 13. Ukioa binamu, nafasi hiyo inafika karibu robo. Binamu ana hatari zaidi, ndiyo, lakini mgeni hayuko salama. Mganda aliyekwepa ukoo wa baba na wa mama kwa mujibu wa mila, akaoa Msoga au Mlango asiye na udugu naye hata kidogo, anaweza kujikuta wodini na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa. Na binamu wawili ambao wamepima, mmoja akiwa AA, hawatazaa mtoto wa SS.

Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina robo ya SS, nusu ya AS na robo ya AA. Wapo wanaodhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Si kweli. Kila mimba huanza hesabu upya.

5. Mila zinazobadilika

Neno "binamu" lenyewe limetoka katika Kiarabu, mtoto wa ami, nalo lilipanda na misafara ya biashara pamoja na dini. Buganda ilipoupokea Uislamu zama za Kabaka Suuna II kupitia wafanyabiashara wa pwani kama Ahmed bin Ibrahim, watu waliikubali swala na kuacha nguruwe, lakini kanuni ya kika na omuziro, ya kutooana watu wa ukoo mmoja, ilibaki. Hilo halipingani na sharia. Kuacha mubaha si dhambi, na desturi isiyogongana na nassi ina nafasi yake katika fiqhi. Kosa ni pale Muislamu anapomwambia mwenzake wa pwani au Msomali kwamba nikaha ya wazazi wake ni uchafu. Maneno hayo yanaiharamisha halali ya Allah, na yanamvunjia heshima mama wa mtu.

Upande wa pwani nao wana hoja zao. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: mume wa ukoo anajulikana tabia, mali inabaki nyumbani, na binti ana watetezi pande zote mbili. Hoja hizo zilikuwa na uzito palipokuwa na mtaa mmoja na shamba moja la minazi. Leo binti anasoma Kampala, kaka yake anafanya kazi Muscat, na kufahamiana hakuhitaji tena udugu. Hata kule Bradford, watafiti waliporudi katika mitaa ya ndani ya mji huo baada ya takriban miaka kumi, walikuta idadi ya kina mama wa asili ya Pakistani walioolewa na binamu wa kwanza au wa pili imeshuka kutoka asilimia 62 hadi asilimia 46. Elimu ya wasichana na kufahamu hatari ni miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Nchi za Kiislamu hazikufuata njia moja. Tajikistan ilipiga marufuku ndoa za binamu mwaka 2016. Saudi Arabia haikuzikataza. Kuanzia 2004 iliwalazimu wachumba wote kupima selimundu na thalasemia kabla ya nikaha, na ikawaachia uamuzi. Mwaka huo wa kwanza, asilimia 9.2 tu ya wachumba waliokutwa hatarini walighairi ndoa kwa hiari yao. Kufikia 2009 walikuwa asilimia 51.9. Hawakuharamishiwa kitu. Walipewa elimu, na muda wa kuifikiria.

Sheria za nchi zetu nazo hazilingani. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imewatoa Waislamu katika katazo la kuoana binamu, lakini usidhani kila nchi jirani imefanya hivyo. Muulize kadhi na wakili wa nchi utakayofungia ndoa kabla mahari hayajatolewa.

6. Wajibu wetu kabla ya posa

Kuhifadhi kizazi ni moja ya makusudio makuu ya sharia, na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Babu zetu walioana bila kujua walichobeba, nao wana udhuru. Sisi kipimo kipo, na udhuru huo unapungua kila mwaka.

Wapo wasemao kupima ni upungufu wa tawakkul. Sayyidna Umar (R.A.) alipoizuia safari ya Sham kwa ajili ya tauni aliulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, akajibu kwamba anakimbia kutoka kadari ya Allah kwenda kadari ya Allah. Na yule bedui aliambiwa amfunge ngamia kwanza, kisha ategemee.

Kwa hiyo, kaka na dada zangu, fanyeni haya:

Pimeni mapema, kabla moyo haujafunga safari. Ombeni kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, kwa sababu kile cha haraka cha kuangalia seli kupinda hakitofautishi AS na SS.

Kwa wanaotaka kuoana binamu, kipimo cha selimundu hakitoshi, kwa kuwa maradhi adimu hayaonekani humo. Ulizeni historia ya ukoo: watoto waliokufa wachanga, viziwi wa kuzaliwa, waliochelewa kutembea, na kama wazazi au mababu nao walikuwa binamu. Pelekeni majibu kwa daktari.

Semeni ukweli na kuhifadhi siri. Fatima bint Qays alipomtaka ushauri Mtume (S.A.W.) juu ya wachumba wake, alimweleza wazi mapungufu ya kila mmoja. Mchumba ana haki ya kujua. Kundi la WhatsApp halina haki hiyo. AS si ugonjwa wala aibu.

Mkikutwa wote ni AS, nikaha yenu si haramu. Lakini kuachana mapema kwa wema ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mkiamua kuendelea, ingieni mkijua, mkapimishe kila mtoto anapozaliwa. Penisilini, kinga ya malaria na haidroksiyurea huokoa maisha vikianzwa mapema.

Mwisho, msimlaumu mama. Alikuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) akimshuku mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kuhusu rangi za ngamia wake, mpaka mtu huyo akakiri mwenyewe kwamba huenda ni asili ya mbali iliyomvuta. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Nasaba hubeba yasiyoonekana. Mtoto wa SS amepokea nakala moja kwa kila mzazi, na mume anayemwacha mkewe kwa kumwita mkosi anakana sehemu yake mwenyewe.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya kusema "ndoa hii haipendekezwi" na "ndoa hii ni haramu"? Nani ana haki ya kusema la pili?
2. Je, imamu au kadhi anaweza kuwataka wachumba walete majibu ya vipimo kabla ya kuwaozesha? Toeni dalili za pande zote mbili.
3. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini ili kila mwanafunzi ajue hali ya damu yake kabla ya kuhitimu, na siri yake isivuje?

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie wenza na kizazi kitakachokuwa kiburudisho cha macho yetu, awaponye watoto wetu wagonjwa na awape subira wanaowalea. Amin. Wallahu a'lam.